Nakala Asilia Isiguswe: Funzo Kutoka Historia ya Kuhariri Picha

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni hapa Kampala, niliazima kwa shangazi picha ya marehemu babu iliyopigwa mwaka 1968. Niliiskani, nikaifungua katika programu ya kuhariri picha, nikaondoa madoa na kukata ukingo wa kushoto ili babu awe katikati. Kisha nikabonyeza "Hifadhi", na faili jipya likafuta lile la kwanza. Picha ya karatasi niliirudisha. Msimu wa mvua uliofuata, maji yaliingia katika sanduku la shangazi na kuiharibu. Nilipompelekea nakala yangu safi, aliitazama kwa muda mrefu, akauliza: "Mwanangu, dada yangu yuko wapi?" Marehemu dada yake alikuwa amesimama mlangoni, upande wa kushoto. Hakuwa na picha nyingine.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba kosa langu halikuwa kuhariri, bali kutotunza nilichokihariri.

Kubadilisha picha hakukuanza na kompyuta. Katika Urusi ya Kisovieti, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akiwa pamoja na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Baada ya Yezhov kuuawa mwaka 1940, alifutwa katika picha hiyo na mahali pake pakachorwa maji. Leo tunaujua uongo huo kwa sababu nakala ya awali ilisalia. Nakala asilia ndiyo shahidi wa mwanahistoria.

Ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, walitunga programu iliyouzwa na kampuni ya Adobe kuanzia mwaka 1990 kwa jina la Photoshop. Mwaka 1994 programu hiyo ilipata tabaka: mabadiliko yakaweza kuwekwa juu ya picha bila kuigusa picha yenyewe. Mwaka 2007 ikaja Lightroom, ambayo huandika maelekezo ya marekebisho peke yake na kuliacha faili la kwanza lilivyo. Kwa maoni yangu, hatua hizi zilikuwa na maana kubwa kuliko urembo wowote, kwa kuwa zilimpa mhariri njia ya kurudi nyuma.

Hata hivyo, programu haiwezi kumlinda asiyejua anachohifadhi. Faili la JPEG hupunguza ukubwa wake kwa kutupa sehemu ya taarifa, na kila likihaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza zaidi. Faili la TIFF lililohifadhiwa bila ubanaji huo ni kubwa, lakini halipotezi kitu. Kwa hiyo picha ya kumbukumbu ihifadhiwe kwa TIFF, na JPEG iwe ya kutumiana.

Kisha kuna suala la utaratibu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Uganda, katika shirika la utangazaji la taifa, zilipatikana negativu takriban 70,000 za wapiga picha wa serikali, na nyingine zilionyeshwa katika makumbusho ya taifa mwaka 2019. Bahasha zake zilikuwa na tarehe na maelezo ya tukio. Bila maandishi hayo zingekuwa nyuso tu.

Siku hizi nina folda mbili. Ya kwanza ina nakala asilia, nayo sihariri humo kamwe. Ya pili ina zilizohaririwa, kila jina likiwa na mwaka, mahali na namba ya toleo. Nakala ya zote iko katika diski nyingine, nyumbani kwa kaka yangu.

Ile picha ya babu ingali nayo. Katika maelezo ya faili nimeandika: "Imekatwa kushoto. Mlangoni alisimama dada yake shangazi." Sikuweza kumrudisha, lakini atakayeifungua baada yangu atajua kwamba alikuwapo.