Unakatwa kodi ya jengo mara mbili kwenye LUKU? Fanya hivi

Nyumba moja, mita mbili, makato mawili. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo Tanzania hukatwa unaponunua umeme. Nyumba ya kawaida ilipanda Julai 2023 hadi Sh1,500 kwa mwezi, ghorofa za mjini Sh7,500 kwa kila sakafu.

Umekatwa zaidi? Angalia kwanza: usiponunua umeme miezi kadhaa, deni hujikusanya. Kama siyo hilo, nenda TANESCO na namba za mita zote za nyumba, pamoja na meseji za LUKU kama ushahidi. Omba kodi ibaki mita moja.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwake ana msamaha. Na mpangaji? Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mdai akupunguzie.