Kifurushi

Ukitamka "kifurushi" Mbagala au Tandale, watu watafikiria bando la simu: dakika, esemesi na MB. Asili yake ni furushi, mzigo wa nguo uliofungwa kwa shuka. Watumiaji wa Linux nao wanacho chao: programu iliyofungashwa, tayari kusakinishwa.

Kuna aina moja ya ajabu, niitayo kifurushi-orodha (wengine watapenda "kifurushi mama", ila mama gani huyu asiye na chochote?). Ndani hamna programu, ni majina tu ya vifurushi vingine vya kuvutwa. Kwenye Ubuntu, ubuntu-desktop ni kimojawapo. Ukikiondoa chenyewe, kompyuta haishtuki.

Uangalifu unahitajika baadaye, unapofagia mabaki. Ufagio ni amri ya apt autoremove. Huo hukusanya kila kilichoingia kwa mgongo wa kingine na sasa hakina anayekihitaji, wakati mwingine hata programu unayoifanyia kazi kila siku. Andika kwanza apt -s autoremove: itakuonyesha majina bila kugusa kitu. Ukiona usilotaka liondoke, tuseme libreoffice-writer, likinge kwa sudo apt-mark manual libreoffice-writer, kisha ufagie.