Jinsi ya kuweka fonti mpya katika tarakilishi bila kupoteza herufi za Kikamba

TUSEME mwalimu wa shule ya msingi mjini Tulia, Kaunti ya Kitui, anapiga chapa mtihani wa Kikamba. Katika kiwambo cha tarakilishi yake, maneno mũndũ, mũtĩ na mũsyĩ yanaonekana barabara. Anauhifadhi mtihani huo katika flashi na kuupeleka Wote, Kaunti ya Makueni, ukachapishwe. Karatasi zinapotoka, mahali pa ũ pamekaa õ na mahali pa ĩ pamekaa î. Mtoto wa Gredi ya Tatu, anayejifunza kusoma lugha ya mamaye, ndiye atakayeketi mbele ya karatasi hiyo.

Kosa si la mwalimu wala la mashine ya kuchapisha. Kosa ni la fonti.

Fonti ni faili yenye maumbo ya herufi. Tarakilishi haihifadhi umbo la herufi uliyoiandika, bali huhifadhi nambari yake, kisha huiomba fonti ichore umbo la nambari hiyo. Hati inapohamishwa, nambari husafiri nayo lakini fonti kwa kawaida hubaki nyuma. Ikiwa tarakilishi ya pili haina fonti ile, itatumia nyingine, na matokeo yanaweza kuwa tofauti kabisa.

Kiswahili hakijui taabu hii, kwa kuwa voweli zake tano zimo katika kila fonti ya Kilatini. Kikamba, lugha ya jamii iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 4,600,000 katika sensa ya 2019, kina voweli saba: a, e, i, ĩ, o, u na ũ. Voweli ĩ hutamkwa karibu na e, na ũ karibu na o. Kuondoa viwimbi hivyo ni sawa na kuondoa herufi mbili katika alfabeti.

Ugumu wa kuziandika sauti za nchi hii ni wa tangu zamani. Mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui mnamo Desemba 3, 1849, aliliandika jina la mlima huo kwa tahajia zaidi ya moja, zikiwemo Kenia na Kegnia. Mwaka wa 1850 tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Ujerumani.

Tarakilishi zilipoenea, tatizo lilirudi kwa sura nyingine. Orodha ya herufi iliyotumiwa na Windows katika nchi za Magharibi ilikuwa na nafasi 256 pekee. Ndani yake mlikuwa na ã, ñ na õ, lakini ĩ na ũ hazikuwemo. Baadhi ya mafundi wakabuni ujanja: walichukua fonti na kuchora ũ juu ya nafasi ya õ. Hati ilisomeka vyema mradi fonti hiyo ipo. Ilipokosekana, õ ilijitokeza, kama katika mtihani wa mwalimu wetu.

Ujanja huo hauhitajiki tena. Mfumo wa kimataifa wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1991, umeipa kila herufi nambari yake: ĩ ni 0129 na ũ ni 0169, huku herufi kubwa Ĩ ikiwa 0128 na Ũ ikiwa 0168. Times New Roman na Arial zinazokuja na Windows zina herufi hizi. Anayetaka maumbo mengine anaweza kupata bila malipo Charis SIL na Doulos SIL za shirika la SIL, au Noto za Google.

Kuweka fonti

Pakua fonti kutoka katika tovuti ya waliyoitengeneza. Mara nyingi huja katika kifurushi cha zip, kifungue kwanza. Faili ya fonti huishia kwa herufi ttf au otf. Ukikuta inayoishia kwa exe, iache, kwani hiyo ni programu na huenda imebeba virusi.

Katika Windows 10 na Windows 11, bofya faili hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague "Install". Fonti itawekwa kwa ajili yako peke yako. Ikiwa tarakilishi ni ya shule na inatumiwa na walimu wengi, chagua "Install for all users". Hapo utahitaji idhini ya msimamizi wa mashine. Katika tarakilishi za Apple, bofya faili mara mbili, kisha ubofye "Install". Funga Word na uifungue upya ili fonti ionekane katika orodha.

Kuandika herufi

Kuweka fonti hakuongezi vitufe katika kibodi. Katika Word, andika 0169 kisha ubonyeze Alt na X kwa pamoja, ũ itatokea. Jihadhari herufi iliyotangulia ikiwa ni kati ya a na f, kwa maana Word huihesabu kuwa sehemu ya nambari. Katika neno mũndũ, kwa mfano, d itavuruga ũ ya mwisho. Iandike ũ kando, kisha uinakili mahali pake.

Kuisafirisha hati

Kabla ya kuipeleka hati kwingine, ihifadhi kama PDF, ambayo kwa kawaida hubeba fonti ndani yake. Ikiwa itahaririwa huko iendako, fungua "File", "Options", kisha "Save", na utie alama kwenye "Embed fonts in the file". Si kila fonti inayoruhusu jambo hilo, hivyo soma leseni yake.

Kwa hati za zamani, nakili neno moja na ulibandike katika barua pepe. Ũ ikigeuka õ, hati hiyo iliandikwa kwa fonti ya ujanja. Tengeneza nakala yake, kisha utumie "Replace" kubadilisha kila herufi bandia kwa ile ya kweli. Ifanye kazi hiyo mapema, kabla fonti ile ya zamani haijapotea na mashine iliyoihifadhi.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili. Lakini hata mtaala uwe mzuri namna gani, mtoto wa Tulia atasoma kile kilichochapishwa katika karatasi yake. Anayeiandaa karatasi hiyo na aikague kabla ya kuchapisha nakala ya pili.