Nani Anashika Waya? Wasichana, Fizikia na Maabara Zetu

Jamani, leo tuweke kando seva na programu, turudi kidogo kwenye maabara ya shule.

Nilipokuwa kidato cha pili tulifanya jaribio la umeme: betri mbili, balbu, waya na amita. Vifaa vilikuwa haba, kwa hivyo tukagawanywa makundi ya watu sita. Kwenye kundi letu sisi wavulana tuliunganisha waya, nao wasichana wawili wakaandika vipimo, kwa sababu eti wana mwandiko mzuri. Mwisho wa mwaka tukachagua masomo. Wote wawili waliacha Fizikia na hakuna aliyeshangaa.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliruhusu hilo. Kwa KCSE mwanafunzi alitakiwa kuwa na angalau sayansi mbili kati ya tatu. Wengi walibaki na Kemia na Bayolojia, hasa wasichana.

Mwaka 1998 Wizara ya Elimu na shirika la Japani, JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE katika wilaya 9, na kuanzia 2003 ukaenea nchi nzima. Wazo lake lilikuwa zuri: mwalimu apunguze kuhutubu ubaoni, mwanafunzi afanye jaribio mwenyewe, na kama vifaa hakuna, mwalimu abuni vingine kwa vitu vinavyopatikana mtaani.

Lakini je, jaribio peke yake linatosha? Uingereza walikuwa wameshaliona tatizo hili mapema. Kati ya 1979 na 1983 mradi wa GIST uliendeshwa katika shule za eneo la Manchester. Wanawake wanasayansi waliletwa shuleni kuzungumza na wanafunzi, na walimu wakashauriwa namna ya kufundisha. Fikra za wanafunzi kuhusu kazi za wanawake zilibadilika, lakini uchaguzi wa masomo ulibadilika kidogo tu. Watafiti waliona pia jambo ambalo mimi nalijua vizuri: wavulana walikuwa wanavamia vifaa.

Hapa kwetu, FAWE, shirika lililoanzishwa 1992 na mawaziri wa elimu wanawake wa Afrika na lenye makao yake Nairobi, lilitoa mwongozo kwa walimu mwaka 2005. Unamtaka mwalimu ajiulize mambo madogo madogo: nani ameketi wapi, nani anaulizwa maswali, lugha gani inatumika, nani anagusa vifaa.

Mimi naona hapo ndipo penyewe. Fomu ya kuchagua masomo huja baadaye sana, msichana ameshaamulia kwenye benchi la maabara. Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba hakuna aliyejifunza kazi hii kwa kumtazama mwenzake akibonyeza kibodi. Kwa nini tulidhani Fizikia ni tofauti?

Na sasa muda umepungua. Katika mtaala mpya mwanafunzi huchagua mkondo wake wa sekondari ya juu akiwa Gredi ya 9, mapema kuliko tulivyochagua sisi.

Mwalimu unayesoma hapa, kesho jaribu hivi: kundi likiwa na watu sita, kila mmoja awe na zamu ya waya na zamu ya kalamu. Haigharimu hata shilingi. Wale wawili wa kundi letu hawakuwahi kupewa zamu ya waya, na mimi niliyeushika wakati wote sikuwahi kuwauliza.