Yuda Katikati ya Meza

Wengi wakisikia Karamu ya Mwisho hukumbuka picha ya Leonardo da Vinci. Mimi hukumbuka mbao. Katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, mjini Rothenburg, Ujerumani, mna madhabahu aliyoichonga Tilman Riemenschneider kati ya 1501 na 1505. Kwenye ubawa wa kushoto, mchongo uliotokeza juu ya ubao unamwonyesha Yesu akiingia Yerusalemu. Wa kulia, akisali Mlima wa Mizeituni. Karamu yenyewe iko katikati.

Zama hizo ilikuwa ada kuzipaka sanamu rangi na dhahabu. Fundi huyu aliuacha mti wazi, na nyuma ya karamu mna vidirisha vya kupitisha mwanga, hivyo kivuli ndicho kinachozipa sura uhai.

Kinachonigusa zaidi ni Yuda. Hakuwekwa pembeni. Amesimama katikati, mfuko wa fedha mkononi, na Yesu anamnyoshea tonge. Sanamu yake huweza kuondolewa, na hapo huonekana Yohana ameegemea kwa Yesu.

Msaliti hakubisha hodi kutoka nje. Alikuwa akila nao. Wazee wetu walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.