Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan na Wakazi Wakongwe wa Nairobi: Historia Fupi

Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyoko Mtaa wa Banda katikati ya jiji la Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa rasmi tarehe 5 Juni 1931 na Gavana Sir Joseph Byrne, na kwa umri wake huhesabiwa kuwa ya pili nchini Kenya baada ya Maktaba ya Seif bin Salim ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1903. Historia yake imezoeleka kusimuliwa kwa kuanzia nguzo zake za mawe na kuishia orodha ya vitabu vyake. Upo upande mwingine unaostahili kukumbukwa, nao ni uhusiano wa maktaba na wazee wa jiji, pamoja na nafasi yake katika maandalizi ya dharura, yaani kazi inayofanywa kabla ya moto, mafuriko, maradhi ya mlipuko au shambulio kutokea, ili kila mtu ajue amwite nani, aende wapi na amsaidie nani.

Jina la maktaba linatokana na Sir William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, aliyehamia Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akamiliki ardhi kubwa ya Juja na Ol Donyo Sabuk, na kumkaribisha Theodore Roosevelt katika safari yake ya mwaka 1909. Jijini alikuwa na nyumba ya Chiromo, mahali ambapo leo pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye njia ya kuelekea Westlands na mitaa ya magharibi. Alifariki mwaka 1925, na mjane wake, Lady Lucie McMillan, akaamua kumbukumbu ya mumewe iwe maktaba, ambayo ujenzi wake ulisaidiwa pia na fedha za Shirika la Carnegie la New York. Mwaka 1938 ilitungwa sheria mahususi ya kuilinda, heshima ambayo majengo machache mno nchini yamewahi kupewa.

Hata hivyo, zawadi hiyo njema ilikuwa na kasoro kubwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu kwa miaka 27 maktaba iliruhusiwa kutumiwa na Wazungu peke yao. Wahindi wa Nairobi walijijengea maktaba yao, iliyopewa jina la mwanahabari na mwanasiasa M. A. Desai, ilhali Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, walitegemea vyumba vidogo vya kusomea katika kumbi za mitaa na misheni. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1958. Watu waliokuwa vijana wakati huo ndio waliokuja kuwa kizazi cha kwanza cha wastaafu wa Kenya huru, na haifai kusahau kwamba wengi wao walipita mbele ya milango hiyo kwa miaka mingi bila kuingia.

Mwaka 1962 maktaba ilikabidhiwa Baraza la Jiji, na baada ya Uhuru matawi mawili yakawa chini yake huko Eastlands: moja Kaloleni, jingine Makadara. Kaloleni ni mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na ukumbi wake wa jamii ulijulikana sana kwa mikutano ya siasa za kupigania uhuru. Mtaa wa aina hiyo huzeeka pamoja na watu wake: aliyeingia akiwa kijana wa kazi hubaki akiwa babu, wajukuu wake wakisoma katika maktaba iliyo hatua chache kutoka mlangoni. Ukaribu huo una thamani kuliko ukubwa wa jengo, kwa kuwa mzee asiyeweza kupanda matatu hadi katikati ya jiji huweza kutembea hadi tawi la mtaani, na mhudumu wa tawi humjua kwa jina.

Akiba ya maktaba kuu, yenye magazeti ya zamani na kumbukumbu za Bunge, nayo ni chombo cha tahadhari, ingawa ni mara chache inatajwa hivyo. Nairobi ilikuwa na miaka michache tu ilipokumbwa na tauni mwaka 1902, soko la Wahindi likateketezwa kwa amri ili kuzuia maradhi. Mwaka 1961 mvua kubwa zikaleta mafuriko nchini. Mwaka 1997 na 1998 zikafuata mvua za El Niño. Na katika miezi ya Aprili na Mei 2024 maji yakasomba nyumba kandokando ya mito ya jiji. Mito haihami. Jiji lenye habari za mafuriko ya zamani katika rafu zake halina budi kuzisoma kabla ya kuidhinisha nyumba mpya ukingoni mwa maji.

Dharura nyingine zililetwa na watu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipua Ubalozi wa Marekani katika makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, umbali mfupi kutoka Mtaa wa Banda, na watu 213 wakafa jijini Nairobi. Tarehe 21 Septemba 2013 shambulio la jumba la maduka la Westgate, Westlands, liliua watu 67. Katika siku za Westgate kituo cha jamii ya Oshwal, yenye asili ya India, kilicho karibu, ambacho siku za kawaida ni mahali pa ibada, sherehe na mikutano, kiligeuzwa kuwa mahali pa kuwapokea walionusurika, kuwapikia chakula na kuwatafutia familia habari za jamaa zao, wafanyakazi wa Shirika la Msalaba Mwekundu wakifanya kazi humo. Kilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu kilikuwa tayari kinajulikana na watu wengi wa Westlands. Katika mwaka huohuo serikali ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, ulioigwa kutoka Tanzania, ambao huwaunganisha majirani wa kaya zinazopakana ili wafahamiane na kupeana taarifa za usalama.

Somo hilo, kwamba majirani na mahali pa kukimbilia vijulikane kabla ya dharura, linahusu hasa mitaa kama Kitisuru, wadi ya eneo bunge la Westlands, ambako mashamba ya kahawa yaligeuka kuwa makazi ya viwanja vikubwa, kuta ndefu na mageti yenye walinzi. Miongoni mwa wakazi wake wamo maofisa wastaafu ambao watoto wao wanaishi nje ya nchi, na ambao usiku hubaki na msaidizi mmoja nyumbani. Ukuta unaomzuia mwizi humficha pia mzee aliyeanguka bafuni. Katiba ya mwaka 2010, inayomtambua mzee kuwa mtu aliyefikia umri wa miaka 60, inampa katika Ibara ya 57 haki ya kushiriki katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima, na Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari. Chumba cha kusomea cha mtaa kinaweza kutekeleza haki zote mbili kwa gharama ndogo, kwa kuwa na magazeti na vitabu vya maandishi makubwa, mafunzo ya huduma ya kwanza, namba za dharura za 999, 112 na 1199 zilizobandikwa mahali pa kuonekana, na daftari la siri la majirani wanaoishi peke yao, wasio na gari au wanaotegemea dawa za kila siku. Daftari hilo ni muhimu kuliko kingine chochote, kwa sababu waokoaji hawawezi kumtafuta mtu wasiyejua kwamba yupo.

Janga la Korona, ambalo kisa chake cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, lilidhihirisha pengo hilo la kutowajua wanaoishi peke yao, kwani wazee ndio walioambiwa wajitenge kuliko wote. Wakati huo maktaba ya McMillan na matawi yake yalikuwa yamekwisha kuingia katika zama mpya. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliingia mkataba na serikali ya kaunti mwaka 2018, likakarabati matawi ya Kaloleni na Makadara na kuanza kuhifadhi akiba kwa njia ya kidijitali, yaani kunakili kurasa katika mfumo wa kompyuta ili moto au maji yakiharibu karatasi, maandishi yasalie. Simulizi ya juhudi hizo imefika mbali kupitia filamu ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani katika tamasha la Sundance mwaka 2025.

Jengo kuu nalo lina changamoto zake. Ngazi zake pana, zinazolindwa na sanamu mbili za simba, ni fahari ya jiji kwa anayezitazama kutoka barabarani, lakini kwa mtu wa fimbo au kiti cha magurudumu ni kizuizi wakati wa kuingia na hatari wakati wa kukimbia moto. Katika ukarabati wowote, njia ya mteremko na mlango wa dharura usio na ngazi vinastahili kutengewa fedha kabla ya rangi na mapambo.