Kiinua Mgongo
Utotoni Chita, tukipalilia mpunga, neno hili lilinichekesha: wanaoinama ni sisi, wanaoinuliwa migongo ni waheshimiwa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya mafao ya viongozi wa siasa, ikaandikwa upya 1999. Mbunge wetu hulipwa kwa mkupuo Bunge livunjwapo, si kila mwezi. Uganda waliwawekea wabunge pensheni kwa sheria ya 2007. Sipingi sana, ndugu msomaji, maana mbunge mwenye njaa hununulika. Ila Zanzibar, tangu 2016, hata mkulima akifikisha miaka 70 hupata pensheni. Baba alilima Chita mpaka akapinda. Hakuinuliwa na mtu.